Vidonge Nilivyompa Mtani Wangu

Mwanangu Mwanahawa,

Barua za watu huanza kwa kusema mwandishi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo kwa sababu hujawa mbali. Uko nyumba ya nne kutoka hapa, kwa shangazi yako, unaaga, na kicheko chako nakisikia mpaka huku kwenye baraza ya zahanati nilikoketi. Hofu ni yangu mwenyewe. Leo nimefunga mlango mapema, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la hesabu, na nimemwambia mama yako nisisumbuliwe mpaka jua lipoe. Akaniuliza, "Tangu lini ukawa karani?" Nikaondoka na kalamu yangu.

Mambo ya nguo, sabuni na watu wa kuwaepuka kwenye treni utayapata kwake. Ameshakuambia mara tatu na kesho atarudia. Mimi nakuandikia jambo moja ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata yeye. Kesho asubuhi lori la ushirika litakupeleka Kilosa, pale utapanda treni ya kwenda bara, chuoni, na ukirudi utakuwa mganga msaidizi mwenye cheti, si dresa, mfunga vidonda wa kujifunzia mlangoni kama baba yako. Kijiji kizima kinasema unafuata nyayo zangu. Juzi mwenyekiti kalisema hilo mkutanoni, watu wakapiga makofi, nawe ukainamisha uso kwa haya huku unatabasamu. Mimi pale nilitamani ardhi inimeze. Kabla hujazifuata nyayo hizo, nataka ujue zilikopita.

Unamkumbuka Mzee Kapaya, mume wa Mama Kulwa, yule aliyekuwa akikuita "mke wangu mdogo" na kukuletea asali kwenye kibuyu. Alikufa mwaka ule tulipohamia hapa kijijini, ulipoanza darasa la tano. Watu wote wanajua kwamba alikufa kwa tumbo. Ni kweli. Lakini tumbo lile lilitobolewa na vidonge, na vidonge vile nilimpa mimi, kwa mkono wangu, huku nacheka.

Basi, nimeshaliandika. Nilidhani nitashindwa kwenye sentensi hiyo, kumbe mkono umeenda tu.

Kazi hii sikuisomea, unajua. Kabla ya Uhuru nilikuwa mfagiaji kwenye zahanati ya shamba moja la mkonge, upande wa Kimamba. Dresa wa pale aliona naweza kusoma vibandiko vya chupa, akanifundisha kufunga vidonda, kuchemsha sindano na kugawa vidonge. Wagonjwa wetu walikuwa wakata mkonge, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja wenye majina mengi: mgongo, goti, kifundo, bega, kiwiko. Alfajiri walijipanga mlangoni, na mnyapara alisimama pembeni na fimbo yake chini ya kwapa. "Mpe dawa aende mstarini," ndiyo maneno yake ya kila siku. Tulikuwa na kopo kubwa la aspirini, kubwa kama debe. Hatukumuuliza mtu kala nini wala tumbo lake likoje. Swali lilikuwa moja tu, unaweza kusimama?

Na dawa ile ilifanya kazi, sitaki nikudanganye. Mtu aliyekuja anachechemea, baada ya saa moja unamsikia anaimba huko mkongeni. Nikajiona mganga. Nikadhani maumivu yakiondoka basi na ugonjwa umeondoka, kumbe wakati mwingine ni mlinzi tu umemlaza usingizi na mwizi bado yumo ndani. Nilikaa na ujinga huo miaka mingi. Shamba lilipofungwa nilikwenda Mikumi, kwenye kambi ya wajenga barabara, nikawa mtu wa huduma ya kwanza, na pale vilevile kopo, vilevile mstari. Halafu wakati wa vijiji ukafika, tukahamia hapa, nikapewa zahanati hii ya vyumba viwili. Hakukuwa na mnyapara tena. Watu walilima shamba lao wenyewe, na mwenyekiti walimchagua wao. Mimi ndiye niliyebaki na mnyapara kichwani, nikiwapa watu dawa kama ninayeogopa fimbo.

Kapaya alikuwa mmoja wa wale wakata mkonge. Baba yake aliletwa kutoka upande wa Tabora kujenga reli, akabaki. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu haukuwa na siku ya kupumzika. Ninyi watoto wa siku hizi utani wenu ni wa maji maji. Wa kwetu ulikuwa mkali. Mtani anaingia kwako anachukua jogoo mbele ya macho yako, unacheka. Anakuambia atazika mifupa yako kwa furaha, unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Kapaya alikuwa akifika hapa mlangoni anaita kwa sauti, "Msagara, nimekuja kufa kwako ili upate kazi ya kuniosha." Nami namjibu, "Ingia haraka basi, kabla maji hayajapoa." Watu waliokuwa kwenye foleni walisahau maumivu yao kwa kutusikiliza.

Mwaka ule tulikuwa tunajenga nyumba zetu hizi. Kapaya alikuwa amebeba nguzo begani, akavuka mtaro, mguu ukateleza, goti likapinda. Alipofika lilikuwa limevimba kama boga. Nilimhesabia aspirini za kumtosha ng'ombe, nikamwambia kesho atacheza ngoma.

Kesho yake hakucheza. Alikuja anajikokota, na mimi nikaona aibu, kwa sababu Jumamosi ile shamba la kijiji lilikuwa linafunguliwa, wageni wa wilaya wanakuja, na Kapaya ndiye alikuwa mwimbishaji wa walimaji. Mwenyekiti alikuwa ameniuliza mara mbili, "Daktari, Kapaya atakuwepo?" Hakunilazimisha. Aliuliza tu. Nami nilitaka sana kusema ndiyo. Ndani ya kabati nilikuwa na vidonge vingine, vyekundu, nilivyopewa Kilosa kwa ajili ya wazee wenye viungo vibovu. Jina lake refu, fenilibutazoni, sisi tuliviita vya viungo. Aliyenikabidhi alinionya kwamba vina ukali na visizidi siku chache. Sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nawahi gari. Nikafikiri kama mkulima, majembe mawili hulima haraka kuliko moja. Nikampa vya viungo, na aspirini nikamwachia aendelee nazo.

Jumamosi Kapaya aliimba na kulima mpaka wageni wakamshika mkono. Watu wakasema zahanati yetu ina daktari. Mwanangu, nilitembea siku ile kifua mbele.

Jumatatu alikuja, mkono uko tumboni. "Mtani, dawa zako zinanila. Naona umeamua kulipa kisasi cha babu yako." Nikamwambia tumbo la Mnyamwezi limezoea asali, aspirini linaiona mgeni. Tukacheka. Jumatano alirudi. Uso wake ulikuwa umefifia, lakini alikuwa anatabasamu vilevile, maana mbele ya mtani huwezi kulia. Akasema kwa sauti ili foleni isikie, "Leo nimetoa choo cheusi kama lami yenu ya Mikumi." Nikamjibu, "Hiyo ni roho yako, ndiyo rangi yake." Foleni yote ikacheka. Yeye pia akacheka, akiwa ameinama ameshika tumbo. Nikamwongezea vidonge vya goti.

Ijumaa akatapika damu. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba, watu wakakimbia Mikumi kutafuta gari. Gari lilipofika, hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Mtani ndiye anayeshika mambo ya msiba, hata wewe umeona. Watani wanachimba kaburi, wanaiba jembe, wanakaa njiani kuzuia jeneza, wanamwigiza marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Kwa hiyo mimi, niliyemuua Kapaya, ndiye niliyesukumwa mbele nichekeshe watu. "Msagara, twende, tuonyeshe Kapaya alivyokuwa akitembea." Nikashika fimbo yake. Nikaanza kuchechemea kwa goti lile lililovimba. Hatua tatu watu wakaanza kucheka, hatua ya nne nikashika tumbo kama alivyoshika yeye, wakacheka zaidi, na mimi nikaiachia fimbo, nikaketi chini. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mama Kulwa mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo sijatania na mtu.

Miezi ikapita, akaja daktari kijana kutoka wilayani kukagua vitabu na kabati. Nikamuuliza, kama anayeuliza habari za jirani, mtu wa goti akipewa aspirini na vya viungo pamoja, kisha choo chake kikawa cheusi, hiyo ni nini. Hakuinua hata kichwa. "Anavuja damu tumboni. Nani kampa zote mbili?" Nikasema nimesikia tu, huko Magole. Maskini watu wa Magole, hawana habari, nikawasingizia.

Ndipo nikaanza kujifunza, nikiwa na mvi tayari. Kila daktari aliyepita nilimbana kwa maswali, na wagonjwa nikaanza kuwatazama baada ya kuwapa dawa, si kabla tu. Chuoni watakufundisha haya kwa maneno marefu. Mimi nakupa nilivyoyaona hapa mlangoni.

Aspirini ni dawa nzuri kwa mtu mzima aliyeteguka. Hutuliza maumivu na uvimbe hushuka. Lakini huchubua tumbo, kwa hiyo mpe aliyekula, mpe ya siku chache, na aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo usimpe kabisa. Parasetamoli ni mpole zaidi. Uvimbe haiushughulikii sana, ila maumivu hutulia na tumbo hubaki salama, na mara nyingi mtu wa mgongo hahitaji zaidi ya hiyo. Lakini usiimimine ovyo kwa sababu ya upole wake, ikizidi inaharibu ini na mgonjwa hajui mpaka amechelewa. Vile vya viungo mimi nimeviondoa kwenye kabati. Ukikutana navyo, au na ndugu zake wapya watakaokuja, maana watakuja, uliza kwanza mtu huyu anakunywa nini kingine. Dawa mbili za ukoo mmoja hazisaidiani, zinagawana kumla mtu.

Halafu watakudai sindano. Utaona. Mtu anatembea kutoka Kilangali na mgongo wake, unampa kidonge, anakutazama kama umempa pipi. "Bwana, mimi sikuja kwa hivi vya kumeza." Mwambie ukweli, hata akinuna. Dawa ya namna ile ikipita kwenye nyama au ikipita mdomoni, inaishia kwenye damu, na tumbo inalifikia vilevile. Jipu la matako ndilo atakaloongeza, kama sindano haikuchemka sawasawa.

Na dawa niliyoidharau kuliko zote ni ile ya kuchua, mafuta yale yenye harufu ya kupenya pua. Nilikuwa nayaita dawa ya bibi, nawapa wale niliotaka waondoke haraka. Sasa kwa msuli uliovutika, kifundo kilichoteguka jana, bega la mama aliyetwanga kutwa, nayaanza hayo. Kitambaa cha maji ya mtungini siku ya kwanza, mafuta mara tatu kwa siku kwenye ngozi isiyo na kidonda, bandeji isiyobana sana. Watu wengi wanapona hapo hapo, na tumbo lao halipati hata habari.

Kuna pumziko pia, nalo ndilo gumu kulitoa, kwa sababu halimo kwenye kopo. Inabidi uvae kanzu yako ya kazi uende kwa mwenyekiti, umwambie fulani hatashika jembe siku nne, na akiuliza kwa nini, usimame hapo umweleze. Goti la Kapaya lilihitaji siku chache za kukaa juu ya kigoda. Mimi niliogopa kuzisema.

Sasa nifike kwenye Mama Kulwa. Watoto wake wameolewa mbali, yuko peke yake, na mgongo unamsumbua tangu msimu wa palizi. Kila wiki anakuja hapa dirishani, ananiambia, "Nipe zile za Baba Kulwa, zilizomfanya aimbe." Nami nampa aspirini. Si vya viungo, aspirini tupu. Nampa haraka, namwambia ale kwanza, nafunga dirisha. Siwezi kumtazama usoni, Mwanahawa. Miaka yote hii sijaingia nyumbani kwake. Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua, na mimi nimekuwa nikiwasomea wagonjwa methali hiyo huku maradhi yangu nimeyafungia kabatini.

Naandika hivi na naona upuuzi wake. Nakutaka wewe uwe jasiri mbele ya wenyeviti na manesi wakuu, na mimi nashindwa kuvuka uwanja wa mpira nikaseme na mjane mmoja. Utaisoma barua hii kwenye treni, utaniona mkweli, na Mama Kulwa atabaki hapa ananiita daktari. Hapana. Naweka kalamu. Nakwenda.

Nimerudi, na hii iliyobaki nitaiandika upesi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. "Karibu, mtani. Leo umepotea njia?" Nikaketi chini, si kwenye kigoda alichonisogezea. Nikamwambia yote kama nilivyokuandikia, la goti, la vidonge vya aina mbili, la choo cheusi na jibu langu. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza, akauliza, "Kwa nini unaniambia leo?"

Nikasema, "Kwa sababu binti yangu anakwenda kusomea kazi hii, na sitaki aondoke na uongo."

"Kwa hiyo umekuja kwa ajili ya mwanao. Hukuja kwa ajili yangu wala ya marehemu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mahindi yalikuwa yakidondoka kwenye ungo. Nikamtazama usoni, mara ya kwanza kwa miaka, na nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Nikamuuliza, "Mama Kulwa, zile dawa ninazokupa, unakula kwanza?"

"Asubuhi nile nini? Nakunywa na maji, naenda shamba."

"Na tumbo?"

"Linawaka. Lakini mgongo unatulia."

"Zikiisha kabla ya wiki, unafanyaje?"

"Nanunua ile ya unga ya dukani."

Ile ya unga, mwanangu, ni aspirini hiyo hiyo kwenye karatasi nyingine. Nikamuuliza habari za choo. Akanikazia macho. "Wewe mwanamume unaniuliza mambo gani?"

"Nakuuliza niliyopaswa kumuuliza Baba Kulwa."

Mikono ikasimama. "Cheusi," akasema. "Tangu juzi."

Nilimshika mkono, mapigo yanakimbia. Nikavuta kope, ndani hakuna wekundu. Mwanahawa, nimempa dawa mwanamke huyu mwezi baada ya mwezi, na sikumuuliza swali hata moja kwa sababu nilikuwa namkimbia. Kwa Kapaya nilikosa kwa ujinga na kiburi. Kwa mkewe nilikuwa najua kila kitu, na aibu ndiyo iliyofunga dirisha. Sijui kama kuna sabuni ya kuosha hilo, lakini leo siyo siku ya kuitafuta.

Nilikwenda mbio kwa dereva wa lori, nikamwamsha. Akasema gari ni la kesho, haliwashi bila ruhusa ya mwenyekiti. Nikaenda kwa mwenyekiti, naye akataka sababu, nikampa sababu yote, ya leo na ya mwaka ule. Akanivuta pembeni. "Daktari, ruhusa nimetoa. Lakini hayo ya Kapaya tuyaache ndani. Watu wakijua, nani atakuja zahanati?" Nikamwambia watakuja wale wanaotaka kuulizwa maswali. Jumapili nitayasema mkutanoni, na kama kijiji kitaona nikabidhi funguo, nitazikabidhi. Hilo nimeamua na sirudi nyuma.

Kwa hiyo huondoki kesho. Unaondoka leo, mara lori likishatiwa mafuta. Mama yako ameshakwenda kulifunga sanduku lako, na hajaacha kuniuliza kuna nini. Nitamweleza mkishaondoka. Treni yako ni ya kesho, utaikuta, lakini kwanza utafika hospitali ya Kilosa.

Nilitaka kumsindikiza Mama Kulwa mwenyewe. Amekataa. Amesema, na nanukuu maneno yake, "Wewe sikutaki ndani ya gari hilo. Nipe binti yako." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Nimemwekea godoro nyuma. Keti karibu na kichwa chake, umlaze ubavu akitapika, mpe maji kidogo kidogo ya kulowesha mdomo tu, na kidonge chochote asipewe, hata akikuomba kwa ajili ya mgongo. Msalimie vizuri, ni mama yako huyo. Akikutania, mtanie, hiyo ni haki yake. Lakini kila neno atakalosema juu ya mwili wake lichukue kama lilivyo.

Isome barua hii sasa hivi, simama pale pale kwenye taa ya duka, kabla hujapanda. Kisha uiweke. Mkifika mapokezi watakuwa na haraka, watakuuliza mgonjwa ana nini, na usiku watu hupenda jibu fupi. Usiseme anaumwa tumbo. Sema amekunywa aspirini miezi mitatu bila chakula, ya zahanati na ya dukani pamoja, na anatoa choo cheusi siku ya tatu leo. Watakuuliza ni nani aliyempa.

Usitafune maneno, mwanangu. Sema ni baba yangu.